Ukichaguliwa SJMC, usisubiri mafunzo kwa vitendo

Majina ya udahili yakitoka tu, wadogo zangu wa mtaani hunipigia: "Kaka, SJMC inafaa?" Inafaa, hiyo Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila iko Mikocheni, usije ukashuka Mlimani, kampasi kuu, na begi kichwani kama nilivyofanya mimi.

Utamu wa Shule ile hauko kwenye orodha ya kozi. Uko kwenye vyombo vyake vya habari: Mlimani Redio, Mlimani TV na gazeti la The Hill Observer. Nenda ukabishe hodi huko wiki ya kwanza, hata kama utaanza kwa kubeba nyaya. Wenzangu waliosubiri mafunzo kwa vitendo walifika chumba cha habari hawajawahi kusikia sauti yao wenyewe ikirekodiwa.

Habari yangu ya kwanza niliifuata kituo cha daladala, Mwenge. Nikamhoji mama muuza mihogo dakika kumi na mbili kuhusu nauli, anaongea mpaka raha. Narudi, nabonyeza: upepo, honi, na konda anaita "Makumbusho! Makumbusho!" Mama hasikiki. Sikuwa nimevaa hedifoni. Fundi wa studio hakunigombeza. Alinivalisha zake, akaniacha nisikilize dakika zote kumi na mbili.

Tangu siku hiyo rekoda huisogeza shubiri moja kutoka mdomoni, na hujisikilizia kwanza kabla ya swali la pili. Jina nalo, mtu huliandika mwenyewe kwenye daftari langu, maana yupo Masawe na yupo Massawe, na wote wana ndugu wanaosoma magazeti.

Nadharia usizidharau. Shule ilianza 1975 kama Tanzania School of Journalism, ikaingia chuo kikuu 2003, kwa hiyo utasoma sana. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imalize mapema. Ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, inatoka humo.

Halafu kuna bahasha. Itakufikia mapema kuliko unavyodhani. Mimi nilipewa elfu kumi ya "nauli" kwenye semina moja, bumu, hela ya mkopo wa chuo, limekata, nikapokea. Jioni nikaandika habari tamu, mgeni rasmi anang'aa kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Mhariri wa zamu akaisoma taratibu, akavua miwani.

"Wamekupa shilingi ngapi?"