Geti linalotoka kwenye reli

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi ugenini katika nyumba ya kupanga. Geti lake la chuma, lile la kusukuma pembeni, hutoka kwenye reli mara kwa mara, na mwenye nyumba huniambia nilirudishe kwa mikono tu. Nina watoto wadogo. Je, kuna hatari?

JIBU: Ndugu msomaji, hatari ipo, tena si ndogo, usilirudishe tena peke yako. Magurudumu ya chini hubeba uzito tu, lakini kinacholisimamisha wima ni vishikizo vya juu pamoja na kizuizi cha mwisho wa reli, na kizuizi hicho kikikatika, geti huweza kusukumwa likapita vishikizo na kumwangukia aliye karibu. Geti la chuma la kupitisha gari huweza kuzidi kilo 200. Tazama mwisho wa reli: ukiona alama ya kulehemu iliyopasuka, yenye kutu, huenda ndipo kizuizi kilipokuwa.

Hadi fundi afike, lifunge kwa mnyororo kwenye nguzo, watoto wasilisogelee, na kama lina mota, zima umeme wake. Mwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe na picha, ubaki na nakala. Asikutulize kwa kupaka rangi juu ya kutu, maana hayo si matengenezo.