Mama anatimiza 60, tumpeleke kula wapi Unguja?

Dada, hongera kwa mama. Umesema mko wanane, mnataka pwani, na mama magoti yanamsumbua. Hayo magoti ndiyo yaamue, si picha za Instagram.

The Rock kule Pingwe watu wanaisifu, na kweli kula juu ya jiwe katikati ya bahari si jambo la kila siku. Lakini maji yakijaa mnavushwa kwa mashua, yakitoka mnatembea mchangani kwa miguu, kisha kuna ngazi. Hoteli ya Emerson on Hurumzi, Mji Mkongwe, nayo ni tamu jua likizama, ila ni ngazi za jumba la zamani hadi juu ya paa, na ukifika unakaa chini kwenye mito. Mama ataketi, shughuli kumwinua!

Mimi ningekwenda hoteli ya Park Hyatt pale Shangani, Mji Mkongwe, kwenye jumba la Mambo Msiige. Bei imechangamka, lakini mnakaa kwenye viti vya kueleweka na bahari mnaiona. Wekeni nafasi mapema, mwombe meza ya nje, mfike saa kumi na mbili kasoro.

Na ulizeni habari ya keki. Sehemu moja walitutoza hela ya kuikata keki tuliyokuja nayo wenyewe, baba akanuna mpaka nyumbani.

Mkimaliza, bustani ya Forodhani ni karibu. Mnunulieni juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, akae kwenye benchi aangalie vijana wanavyojirusha baharini.