Malindi hadi Lamu kwa ndege: 76, 87 au 140?

Ndugu, umeuliza Malindi na Lamu kwa ndege ni mbali kiasi gani, maana umekuta 76, 87, 140 na 220 na hujui uamini ipi. Zote ni kweli. 76 ni maili za baharini, ndizo wanazotumia marubani. 87 ni maili za kawaida, 140 ni kilomita, na umbali ni ule ule. Ila hiyo 220 ni kilomita za barabara mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu, nazo ni za kukadiria.

Aliyeleta tofauti ni Mto Tana. Barabara yaacha pwani, yapanda hadi Garsen kutafuta daraja, ndipo irudi kupitia Witu. Ndege yakata Ghuba ya Ungwana moja kwa moja. Ukipata dirisha la kushoto, chungulia mnapokaribia Kipini, uone mto unavyomwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa ndani ya bahari ya buluu.

Angani ni kama nusu saa. Hizi ndege ndogo za injini moja hukimbia kilomita 300 kwa saa, zaidi kidogo. Wakati wa kaskazi upepo unawajia usoni, ongeza dakika mbili tatu. Wakati wa kusi unawasukuma. Ndege kubwa haitakuokolea muda wa maana, kwani haijamaliza kupanda inaanza kushuka.

Sasa nikuambie nusu saa hiyo ilivyonidanganya. Tulikuwa tumetoka harusini kwa shemeji zangu Lamu, ndege ya kurudi Malindi ni saa nane mchana. Nikajisemea saa saba na robo yatosha kuteremka gatini. Nilisahau kwamba uwanja wa Lamu hauko Lamu, uko ng'ambo, kisiwani Manda. Boti ilikuwa na watu wanne, nahodha anangoja wajae, na mama mkwe bado anaagana na watu barazani! Kuvuka kwenyewe ni dakika kumi, kumi na tano. Kungoja ndiko kulikotumaliza. Tulipofika, mizani ilikuwa imeshafungwa na injini inanguruma. Tukalala Lamu usiku mwingine, kwa nauli mpya.

Kesho yake tuliwahi, tukapimwa sisi na mizigo yetu, kila mtu mzigo usizidi kilo 15. Mama mkwe ana makopo matatu ya halua. Kijana wa kupima akatazama mizani, akamtazama mama, akasema, "Shikamoo mama, moja libebe mkononi." Likapita.

Kwa hiyo panga hivi: upande wa Malindi ni rahisi, uwanja uko karibu na mji, tuktuk haifiki robo saa. Upande wa Lamu toka nyumbani saa mbili kabla ya ndege, au ukodi boti peke yako.

Tena kabla hujalipa, soma njia iliyoandikwa kwenye tikiti. Siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja, mtandao utakupitisha Nairobi bila haya: kilomita zaidi ya 400 kwenda, na zaidi ya 400 kurudi pwani, ili uvuke 140. Ukikuta hivyo, badilisha siku. Harusi za Lamu hazishi kwa siku moja.