Maswali Yenu: Kukaa na Mama wa Mtoto Njiti

SWALI: Asalaam aleikum. Mwanangu alizaliwa wiki ya 31 ya mimba, akalazwa wodi ya watoto wachanga mwezi na ushei. Sasa ametimiza mwaka. Mimi na wenzangu wawili tunataka kujitolea kukaa na wazazi waliomo wodini. Tuanzie wapi, na tujihadhari na nini?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Anzeni kwa muuguzi mkuu wa wodi kabla hamjamwendea mama yeyote. Mwombeni siku na saa maalumu, na mkubaliane mapema kwamba hamgusi mtoto, hamgusi mashine, wala hamsemi lolote kuhusu dawa. Nyinyi ni wa mama. Gawaneni siku, na mwenye mafua asiingie hata kama ni zamu yake. Vueni pete na bangili, mnawe hadi viwikoni.

Mkikaa naye, pole iwe fupi. Muulizeni: umekula? Umelala wapi? Umekamua saa ngapi mara ya mwisho? Hilo la tatu ndilo zito. Mtoto wa chini ya wiki 34 za mimba aghalabu hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo hulishwa kwa mrija, na titi lisilokamuliwa hukauka. Akamue mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Kidole gumba kikae juu ya titi na cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachilie. Akivuta chuchu ataumia bure, maziwa hayatoki. Siku ya kwanza dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, huwa matone tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawana maziwa. Matone hayo yasimwagwe, ni kinga ya mtoto. Na kwa joto la Malindi, kikombe kisikae kando ya kitanda kungoja mlo ujao. Apewe muuguzi papo hapo.

Mama wa mtoto wa gramu 1,400 akiona mizani inasoma 1,300 siku ya nne, hushtuka. Watoto wengi hupungua siku za mwanzo. Msimpe hukumu yenu, mfundisheni kumuuliza muuguzi: amepungua kiasi gani, anapewa maziwa mangapi, kila baada ya saa ngapi?

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kulinganisha. "Wangu alikuwa mdogo kuliko wako, na mwone sasa": mama ambaye mwanawe amezidiwa usiku huo atalizwa na maneno hayo. Msiahidi kupona. Msipige picha. Aliyoyasema wodini yasifike barazani. Na mtoto akifariki, msimkwepe mama yake. Maziwa huendelea kujaa, na hakuna anayemwambia afanyeje: akamue kidogo tu kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha maji baridi, amweleze muuguzi.

SWALI: Mke wangu amelazwa Lamu na mtoto wa kilo 1.6. Mimi huja kwa boti kutoka Faza kila baada ya siku mbili. Wazee wanasema mwanamume hamfungi njiti kifuani. Ni kweli?
Baba, Faza

JIBU: Si kweli, ndugu yetu. Kifua cha baba hupasha joto vilevile. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linapendekeza mtoto akae ngozi kwa ngozi saa 8 hadi 24 kwa siku, na hakuna mama awezaye hayo peke yake huku akikamua usiku. Oga, vua shati. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Akae wima, kichwa upande mmoja, kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isijifunge, miguu imekunjwa kama ya chura. Leso ikaze kifuani, ukingo wa juu ufike chini ya sikio, lakini tumboni iache nafasi ya kupumua. Usimtoe kabla saa nzima haijaisha, kumshikashika humchosha. Midomo ikigeuka buluu, ita muuguzi hapo hapo. Ukipanda boti, chukua leso mbili: moja italowa maziwa.