Vigae havimcheleweshi mtoto kutembea

Dada, umeuliza kama vigae ndivyo vinavyomfanya mtoto wako wa miezi 11 asitembee bado. Hapana, sakafu ya vigae haimcheleweshi mtoto kutambaa wala kutembea. Shida ni utelezi, si ugumu. Mvue soksi: akiwa peku vidole vinashika sakafu, na magoti yakiwa wazi hayatelezi kama yakiwa ndani ya suruali ndefu. Godoro ndilo linalomsumbua zaidi, maana anazama na hapati pa kujisukumia.

Nafanya kazi kliniki ya watoto, na tunafuata vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vilivyotokana na watoto wa nchi tano, Oman na Ghana zikiwemo. Kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na karibu 18, na wachache hawatambai kwa magoti kabisa lakini wanatembea vizuri tu. Kwa hiyo wako wa miezi 11 bado ana muda.

Ila akifika miezi 18 hajatembea, au ukiona anaburuta upande mmoja wa mwili, mlete kliniki. Na maji yakimwagika kwenye vigae, yafute palepale. Akianguka kwa kisogo anaumia kweli.