Tumbo limekatwa, hamu ya chapati haijakatika

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Mwaka jana nilikwenda India kukatwa tumbo, yaani kupunguzwa tumbo ili nipungue uzito. Nilikuwa na kilo 131, sukari imeshaanza kupanda, na magoti yananiuma hata kupanda daladala ni shida. Mume wangu aliuza kiwanja, ndugu wakachanga. Leo ni miezi 11 na nimefika kilo 92.

Miezi ya mwanzo sikuwa na habari na chakula kabisa. Sasa hamu imerudi. Chapati nikijaribu inanikwama kifuani mpaka niitapike, lakini biskuti, krispi na aiskrimu zinapita vizuri. Usiku watu wakishalala naingia jikoni nakula gizani. Halafu, naona haya kusema, natafuna udongo na barafu kila siku. Kwenye shughuli najitenga nisije nikaulizwa mbona sili. Wifi yangu nimemsikia akisema, 'Kiwanja kimekwenda, na kula anakula.' Shangazi, ndiyo nimeshaharibu? Mimi Mama Wawili."

Marahaba, mwanangu. Hujaharibu. Kilo 39 hazikuondoka kwa bahati, na barua yako haikuandikwa na mtu aliyekata tamaa.

Naanza na lile ulilolisema kwa haya, maana ndilo lililonishtua: udongo na barafu. Hilo usilihesabu katika ulafi. Mwili uliopungukiwa madini ya chuma mara nyingi hudai vitu ambavyo si chakula. Sisi tumezoea kuuona udongo kuwa mambo ya wajawazito, tukawachekea, kumbe wengi wao damu imepungua. Kwako sababu zipo wazi. Tumbo lililopunguzwa hutoa asidi kidogo, na chuma kinahitaji asidi ndipo mwili ukipokee. Juu ya hapo nyama yenyewe sasa unakula vipande viwili vitatu. Wiki hii isipite, nenda hospitali. Waambie mapema kwamba ulikatwa tumbo, kisha omba wakupime wingi wa damu, akiba ya chuma mwilini na vitamini B12. Wakikuandikia chuma, usikimeze pamoja na kalsiamu. Viachane saa 2 au zaidi. Na chai ya rangi ikae mbali na kidonge hicho, kwa sababu huzuia chuma kisiingie mwilini. Vidonge vyako vya vitamini ulivyorudi navyo, kama viliisha na hukununua vingine, rudi kwavyo. Hivyo ni vya maisha. Chuma kikisharudi, wengi hushangaa udongo umewatoka moyoni wala hawakupigana nao.

Kutapika nako usikuzoee. Chapati ni unga uliokandwa, ukifika kwenye njia nyembamba unajikusanya donge. Ikitokea mara moja baada ya kula haraka, umejifunza. Ila kama unatapika kila baada ya siku mbili tatu, au hata maji hayakai, au miguu inakufa ganzi, unayumba ukitembea, unaona vitu viwiliviwili, nenda siku hiyohiyo. Vitamini B1 huisha upesi kwa anayetapika, na kuchelewa kunaweza kuacha madhara ya kudumu kwenye mishipa ya fahamu na ubongo.

Sasa hamu yenyewe. Katika upasuaji kama wako, ikiwa ni ule wa kuacha tumbo lenye umbo la ndizi, huondolewa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo, na sehemu ya juu inayoondolewa ndiyo kiwanda kikubwa cha grelini, homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Ndiyo maana ile miezi ya mwanzo chakula kilikuwa hakikusemeshi. Ulipaswa kuambiwa tangu mwanzo kwamba kimya kile kwa watu wengi hakidumu, na kwamba karibu na mwaka hamu huanza kurudi. Inaelekea hakuna aliyekwambia, ndiyo maana ilipobisha hodi ukadhani wewe ndiye uliyeifungulia mlango.

Na mbona biskuti? Dada yangu wa tumbo moja alifanyiwa upasuaji huohuo, nikakaa naye wiki 6 za mwanzo namchujia supu, kisha nikawa namtembelea. Mwaka wa kwanza ulipokaribia kuisha nikamkuta na pakiti ya biskuti chini ya mto. Nilikasirika, na mpaka leo najuta kukasirika kule. Biskuti, krispi na aiskrimu huyeyuka mdomoni, zikifika tumboni ni uji, zinateremka bila kulijaza. Samaki hukaa, hukushibisha, na ukimharakisha hukuumiza. Kwa hiyo mtu anayeogopa maumivu hujikuta, bila kupanga, anakifuata kinachopita. Ndicho kilichompata dada yangu, nami nilimwita mdanganyifu.

Nikusomee barua yako kama nilivyoisoma mimi. Mchana unaogopa chapati, unaogopa kutapika, unaogopa macho ya watu, unajitenga. Sidhani kama unakula cha maana mpaka giza linaingia. Mwili wa mtu aliyekatwa tumbo mara nyingi huhitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, na hizo haziji zenyewe. Yai moja lina kama gramu 6. Kipande cha samaki au kuku kinachoenea kiganjani, bila vidole, kina kama 20. Glasi ya maziwa mgando ina 8 hivi. Kwa hiyo mayai mawili asubuhi, samaki mchana, mgando alasiri, kuku au maharage jioni: kidogo kidogo, mara nne, hata kama hamu haijaja. Anza na kitoweo, kisha mboga, ugali au wali uwe wa mwisho kama nafasi imebaki. Tafuna mpaka kilainike kabisa. Maji yasubiri nusu saa baada ya kula, kwa sababu ukishushia, chakula kinasukumwa nje ya tumbo mapema na njaa inarudi upesi.

Usiku ukija na hamu ikakuamsha, jiulize swali hili moja: ningepewa samaki aliyebaki, amepoa, ningemla? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni njaa, mle. Kama ni biskuti tu na si kingine, basi kuna jambo jingine lililokuamsha, na usiku ule wa barua yako nadhani lilikuwa ni sauti ya wifi. Ukiamua kula hata hivyo, washa taa. Weka kwenye sahani, kaa kwenye kiti. Sikuombi uape kuacha, viapo vya usiku havifiki alfajiri. Nakuomba usile gizani, basi. Na biskuti za watoto usinunue katoni kuweka kabatini; duka la mtaani lipo hatua chache, wanunulie ya siku ile, iishe siku ile.

Vyakula vya sukari nyingi, kalimati za shira kwa mfano, vinaweza kukuletea moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na tumbo la kuhara muda mfupi baada ya kula. Sukari imeingia utumbo mwembamba kwa kishindo. Wengine hulegea na kutetemeka saa moja mpaka tatu baadaye, sukari ya damu imeshuka. Likikutokea, mwambie daktari, hasa wewe uliyekuwa umeanza kisukari, maana dawa za zamani huenda zikahitaji kupunguzwa. Na wasomaji wengine mliokatwa tumbo mnaosoma hapa: pombe sasa inawapanda haraka kuliko zamani, na wapo walioacha vitumbua wakaangukia chupa. Jihadharini nayo.

Nirudi kwenye shughuli, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipokaa muda mrefu. Kwetu, anayekataa chakula amemkataa mwenyeji. Tangu mtoto umefundishwa kwamba mapenzi yanapakuliwa. Sasa umejiondoa kwenye sinia, na nadhani unachokililia zaidi ya chapati ni ule mkono wa jirani yako unaokusogezea mnofu na kukwambia kula bibi wee. Rudi. Nawa, kaa, anza na nyama ya pilau, tonge moja dogo, tafuna, ongea, cheka. Mkono ukiwa ndani ya sinia hakuna anayehesabu matonge. Akikuuliza mtu, sema, "Nakula polepole siku hizi," inatosha. Na ile chapati, kutapika kukishakoma na damu ikishakaa sawa, jaribu robo mwisho wa mlo, ukiwa na watu, si peke yako jikoni.

Wifi yako mwache kwanza. Mwenye haki ya kusikia habari hizi kabla ya mtu yeyote ni mumeo, aliyeuza kiwanja. Najua hilo ndilo linalokuziba mdomo, unaona kila biskuti ni kipande cha ardhi yake. Mwambie watoto wakiwa wamelala, kwa maneno machache: "Hamu imenirudia, usiku nakula kwa kujificha, natafuna udongo, nataka tuende wote hospitali." Usianze na samahani. Akiuliza maswali, mjibu yote. Akinyamaza, mpe muda, mwanamume aliyekaa kimya mara nyingine anahesabu siku ya kuomba ruhusa kazini.

Majibu ya damu yakitoka niandikie, uniambie na mumeo alisemaje.