Ukuta ni mgumu, jani linapanukaje?

SWALI: Mwalimu, kitabu chetu kinasema ukuta wa seli ya mmea ni mgumu na kazi yake ni kulinda umbo la seli. Kama ni mgumu, jani linapanukaje? Halafu ukuta hauna klorofili. Unahusikaje na usanisinuru?
Mwanafunzi, kidato cha tatu

JIBU: Umeuliza jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wangu aulize, maana sentensi hiyo ya kitabu huwafanya wengi wauone ukuta kama boksi tupu.

Shika jani changa na jani pevu la mmea uleule. Changa hulegea mkononi, pevu limekakamaa. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni kemia ya ukuta.

Ukuta wa seli changa ni nyuzi za selulosi, imara sana zikivutwa, zilizoshikana na hemiselulosi (minyororo mingine ya sukari) ndani ya uteute wa pektini, sukari ndefu ileile inayogandisha jemu. Maji yaliyomo ndani ya seli yanausukuma kwa shinikizo ambalo mara nyingi hulizidi lile la tairi la gari. Seli haipasuki kwa sababu ukuta umeizuia, na hukua pale tu ukuta unapolegezwa. Homoni ya oksini huchochea pampu za utando wa seli zimwage ioni za haidrojeni ukutani. pH, yaani kipimo cha uasidi, ikishuka hadi 5 hivi au chini zaidi (asidi ikizidi), huamka protini ziitwazo ekspansini, ambazo maabara ya Daniel Cosgrove huko Marekani ilizitambua katika miche ya matango mwaka 1992. Hazikati nyuzi. Huziachanisha pale zilipogandana, nyuzi zikateleza, maji yakaingia, seli ikatanuka.

Mimi huvutiwa zaidi na pektini. Ikiwa mpya huwa imejaa vikundi vya methili (vipande vidogo vya kaboni na haidrojeni) na ni laini. Vimeng'enya vikiviondoa, kalsiamu hupata pa kushika, ikaunganisha mnyororo mmoja na mwingine, ukuta ukakaza. Boroni nayo hufunga pektini ya aina nyingine. Mmea uliokosa boroni hutoa majani machanga madogo, yenye mikunjo, mepesi kuvunjika. Usikimbilie kuongeza naitrojeni hapo, kilichopungua ni kifungo cha ukutani! Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba mmea wa Arabidopsis wenye kasoro katika sukari moja tu ya pektini hiyo hudumaa, na ukiongezewa boroni hukua vizuri.

Sasa usanisinuru. Kabonidayoksaidi ikishapita kwenye stomata, yaani vitundu vya jani, huwa bado haijafika. Ni lazima iyeyuke katika maji ya ukuta wa seli, ipenye, ndipo iifikie kloroplasti, sehemu ya seli yenye klorofili. Majini gesi hiyo husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo hata ukuta usiofika unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita unaichelewesha. Majani magumu ya miti isiyopukutisha, yenye kuta nene, kwa kawaida hutengeneza chakula kidogo kwa kila gramu ya jani kuliko majani laini, ila mengi hudumu kwa miaka.

Na stomata zenyewe zinategemea ukuta. Seli mbili zinazozunguka kila tundu hujaa maji zikapinda na kuliacha wazi, na wepesi wa kupinda huko unatokana na pektini iliyomo katika kuta zake. Pektini hiyo ikivurugwa, tundu halifunguki wala kufunga inavyotakiwa.